Uji Wenye Mwanzo Mzuri

Nimerudisha funguo. Ninyi mnaofanya kazi ya hemtjänst, hii ya kuhudumia wazee majumbani mwao, mnajua maana yake: ukishakabidhi funguo na simu ya kazi, wewe si mtu wa kujifungulia tena milango ya watu. Walinikatia keki ya kijani, wakanipa ua la chungu ambalo mpaka leo sijui linataka maji au linataka kuachwa. Halafu vijana wa zamu ya asubuhi mkanizingira: "Mama Zuhra, tuandikie basi, kazi hii inafanywaje?" Jamani! Nimeifanya mpaka magoti yamegoma, na niliyoyaelewa yanaenea kiganjani. Nisiyoyaelewa ndiyo mengi. Basi nitawaandikia hayo.

Vyeo sivitaji kwa sababu sikupewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mie ni Mzaramo wa Kisarawe. Tulipofika huku Sweden, mimi na mume wangu na Zuhra akiwa bado ananyonya, tulipata nyumba Jordbro, mume akapata kazi kwenye ghala upande wa viwandani. Mie nikaambiwa kuna kazi ya kwenda kwa mzee wa mtu, umpe dawa, umvishe soksi, umwandalie chai, uondoke uende kwa mwingine. "Na watoto wake wako wapi?" niliuliza siku ya usaili. Wakatazamana. Nikajua nimeuliza ujinga, ila ujinga wenyewe uko wapi sikujua. Kwetu mzee hakai peke yake hata akitaka. Atafoka aachwe alale, na wajukuu bado watamkanyaga miguu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Espérance, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza tulipanda lifti ya zamani huko Södermalm, ile ya mlango wa kuvuta kwa mkono, tumebanana wawili na begi la glovu. "Sikia muzuri, dada," akaniambia. "Ukiingia kwa muzee usimuulize kama amekula. Atasema amekula. Wewe fungua frigo. Ile frigo haiwezi kukudanganya." Kabla hatujafika juu akaongeza jingine: "Na usiseme 'sasa tunaoga'. Uko unaoga naye? Yeye ndiye anaoga." Mpaka leo nikimsikia kijana anamwambia mzee "sasa tunavaa soksi", nageuka kumtafuta Mama Espérance.

Soksi zenyewe, loo! Soksi za kubana zilinitoa jasho kuliko Kiswidi. Mguu umevimba, soksi imekaza, mzee analalamika, na simu mfukoni inalia kwamba unangojwa kwingine. Sikilizeni: mguu uwe mkavu kabisa, poda kidogo, kile kifuko laini cha kutelezesha kitangulie vidoleni, soksi ipite juu yake, kisha ukivute kifuko kwa mbele, kupitia tundu la vidoleni. Na vaeni glovu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa. Hilo mlishike hata kama mengine yote mtayatupa.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu. Kila nikiingia anajifanya amelala, na mezani pana kikombe kimoja cha kahawa kinafuka moshi. Sasa ya nani? Nikawa naiacha. Siku moja baridi ilikuwa ya kuuma mifupa, nikainywa. Kesho yake hapakuwa na kahawa. Keshokutwa vikombe vikawa viwili, na yeye yuko pale pale, anakoroma kwa kujilazimisha. Nikanywa kimoja, cha pili sikukigusa. Tukaendelea hivyo mpaka alipofariki, na sijui hadi leo kama tulikuwa tunazungumza au la.

Lakini aliyenivuruga kuliko wote ni Bi Adele.

Alikaa ghorofa ya nne, Mmarekani, mjane wa Mswidi, hana mtoto. Nilipofungua mlango mara ya kwanza nikalisema jina langu kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Ikatoka sauti chumbani: "Umechelewa. Nilishakufa, nikakosa mtu wa kumwambia, nikarudi." Nikakimbilia ndani. Namkuta bibi mwembamba, miwani mikubwa, nywele nyeupe zimekatwa fupi, ananitazama kama aliyeuliza swali na anangoja jibu. Nikamwomba radhi, na yeye akageukia dirishani.

Tulizungumza Kiingereza changu cha shule na Kiswidi chake kibovu. Hapa naweka yote kwa Kiswahili. Mwenyewe angekuwa hai angeikosoa tafsiri.

Nikaenda jikoni, nikafungua friji: siagi na ndimu moja iliyokauka. Nikafungua oveni nione kama kuna chakula cha jana. Vitabu! Oveni imejaa vitabu, juu na chini, vimepangwa vizuri migongo ikitazama mlangoni. Nikarudi chumbani nimeshika mdomo. "Hivyo nilivihukumu," akasema bila kugeuka. "Vinangoja rufaa." Nikasema moyoni, masikini, akili imeshaondoka huyu. Nikamweleza mkuu wetu wa kazi, vitabu vikatolewa, vikawekwa sebuleni. Kesho yake vimo tena ndani ya oveni. Mwishowe nikaizungushia tepu ile swichi ya oveni isigeuzike, na Bi Adele akafurahi, akasema sasa jikoni kwake panaonekana pametokea uhalifu.

Kumbe alikuwa mwandishi. Alizaliwa katika mji wa mahindi na makanisa huko katikati ya Marekani, baba yake mchonga mawe ya makaburi. Akiwa msichana kazi yake ilikuwa kufupisha yale wanayotaka wafiwa yachongwe, maana jiwe halina nafasi ya sifa zote za marehemu. "Hapo ndipo nilipojifunza uhakiki," alisema. Akaenda New York, akaandika riwaya, lakini watu walimjua zaidi kwa kuchambua vitabu vya wenzake magazetini. Kimoja alisema kina kurasa mia nne na mwandishi anazikiri zote. Aliniambia mhakiki ni yule mgeni anayesema chumvi imezidi wakati wenyeji wote wanatafuna kimya. Huku Sweden alikuja kwa kiangazi kimoja tu, akamfuata mhandisi aliyejua kupika, akabaki. Oveni ilikuwa ya huyo mume. Alipofariki, yeye ambaye hajawahi hata kuchemsha yai aliona ni rafu nzuri ya bure.

Zuhra akaazima riwaya yake maktaba ya Haninge, akaisoma kwenye kochi huku anajichekea. "Mamma, den är jätterolig!" Eti inachekesha sana. Mie nikaisoma pole pole, nikakuta mwanamke anayekwenda karamu hii na ile, anawaudhi watu kwa ulimi wake, na ukurasa wa mwisho amebaki peke yake anaosha vikombe vya wageni. Kicheko sikukiona. Nikamuuliza Bi Adele, "Kwa nini anaosha vikombe?" Akajibu, "Kwa sababu ni vichafu." Sasa hapo mtu uelewe nini?

Katika zile siku za mwanzo nilimpikia uji wa shayiri. Akaonja, akafumba macho. "Uji huu una mwanzo mzuri," akasema. "Katikati unapotea njia. Mwisho, nadhani mpishi mwenyewe alishatoka jikoni." Weee! Mie, niliyepika misiba ya watu mia, niambiwe hivyo na mtu wa ndimu moja? Nilipanda treni nimefura. Nilinuna Älvsjö, nikanuna Farsta strand, na tulipofika Handen nikaangua kicheko peke yangu, mpaka bwana aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani. Huu si ukichaa, nikasema. Huu ni utani.

Ninyi mliozaliwa huku hamjui, wacha niwaeleze. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukuchamba mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Ruhusa uliyonayo ni ya kumjibu. Na siku ya msiba huyo huyo ndiye anayeteka maji na kuchimba kaburi, huku anaigiza kikohozi cha marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yao mashavuni. Mwenye haki ya kukutukana ndiye mwenye wajibu wa kukuhudumia. Nikajiuliza, mimi namwosha huyu mama, namvisha, namlisha. Mbona matusi anayatoa peke yake?

Kesho yake nikafungua mlango, nikatangaza: "Bado upo? Na mimi nimeshaahidi watu kitanda chako!"

Nikasema haya, kazi imeota mbawa. Mara nikasikia kicheko kikavu kinaishia kwenye kikohozi, na sauti ikasema, "Hatimaye wameniletea mtu."

Tukawa watani. Nilimweleza desturi yote, akaisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. "Na siku ya mazishi yangu utasema nini?" akauliza. Nikamwambia sijui, mtani hajiandai. "Vizuri. Ila usinisifu. Ukinisifu nitaamka." Kila asubuhi nikiingia namrushia jiwe, ananirudishia mawili. Nilisema miguu yake ni njiti, akasema yangu ni nguzo za umeme, angalau moja ingeleta mwanga. Mama Espérance alipokuja kunishikia zamu siku moja alitoka ameshika kichwa. "Dada, ule muzee ana roho mubaya!" Nikamwambia hapana, ana afya.

Lakini kusahau kulianza kuja. Mwenyewe aliona kabla yangu. Nilikuwa namsugua mgongo, akasema bila mzaha, na hilo peke yake lilinitisha: "Nikianza kupotea, waambie. Sitaki kuunguza majirani. Lakini nikiwa natania tu, niachie nyumba yangu. Tumeelewana?" Nikaapa. Niliapa kwa haraka, na sikujua naapa nini.

Manispaa wakamtuma Jonna. Huyu ndiye anayeamua mzee apewe msaada gani, na kama abaki kwake au ahamie nyumba ya wazee. Binti mdogo, sauti ya upole, akavua viatu mlangoni na kukaa kitako mbele ya Bi Adele. Akamuuliza leo ni tarehe ngapi. "Inategemea nani anangoja," akajibu. Akamuuliza mfalme wa Sweden ni nani. "Yule yule. Nchi hii haibuni." Akamuuliza kama anajipikia. "Nina oveni yenye hukumu za maisha." Jonna anaandika, anafuta, anaandika tena. Alipotoka aliniita ngazini. "Wewe unamjua," akasema. "Anatania au amepotea?"

"Anatania," nikasema. Hapo bado nilikuwa na hakika, kwa sababu kila alipojibu alikuwa ananitupia jicho mimi, aone kama nimecheka.

Hakika yenyewe haikukaa. Kilichofuata ndicho ninachokigeuza kichwani mpaka leo nikiwa namwagilia, au simwagilii, lile ua.

Asubuhi moja ya theluji nikaingia na jiwe langu. "Bado unapumua hewa ya watu?" Akaniangalia, akatabasamu kwa upole. "Habari za asubuhi," akasema. "Ni vizuri umekuja." Nikangoja lililobaki. Hakuna lililobaki. Nikampikia uji, kwa makusudi nikaukorogea madonge, nikampa. Akala wote. "Mzuri sana," akasema. "Asante." Nikakaa juu ya kile kistuli chake cha kuogea.

Kuanzia hapo adabu ikazidi. Akamsifu jirani kwa mapazia yake. Jirani akanisimamisha kwenye lifti, "Bibi yetu amekuwa mzuri sana siku hizi, dawa zimemkubali!" Mie nacheka kwa midomo tu. Nilimwambia Zuhra nyumbani kwamba Bi Adele anaumwa. "Anaumwa nini?" Nikasema, ananishukuru. Zuhra akanitazama kama mimi ndiye nimeanza.

Halafu ikawa ile ya oveni. Nilikuwa nimechelewa kidogo, nafika mchana, moshi nausikia toka ghorofa ya tatu, king'ora kinalia. Nikafungua mlango. Bi Adele amesimama jikoni amevaa aproni ya marehemu mumewe. Tepu yangu ameibandua, ameikunja vizuri na kuiweka mezani. Oveni inawaka, na vitabu vimo. Nikazima, nikafungua madirisha, nikamvuta mkono hadi ngazini. Anatetemeka kwa baridi na bado anatabasamu. "Nimeona kila siku unanipikia wewe," akasema. "Leo nikasema nikupikie mimi."

Zimamoto wakaja, wakakuta moshi tu na kurasa zilizoungua pembeni. Akawakaribisha kahawa.

Jonna akarudi. Safari hii Bi Adele akajibu kila swali: tarehe sawa, mfalme sawa, ghorofa sawa, na asante juu yake. Jonna akaniita pale pale ngazini, uso wake umefunguka. "Amejibu vizuri kuliko mara ya kwanza. Ya oveni, mtu yeyote anaweza kusahau. Kama wewe unaona yuko sawa, nitajaribu abaki, tutaiondoa oveni. Unaonaje?"

Nilimtazama yule binti. Neno moja tu, Bi Adele analala kitandani kwake. Neno jingine, anahama. Na nilikuwa nimeapa.

"Amekuwa na adabu," nikasema.

"Ndiyo, nimeona."

"Hilo ndilo tatizo."

Jonna akakunja uso. Nikajaribu kumweleza utani kwa Kiswidi. Mnyamwezi, Mzaramo, kikohozi cha marehemu, uji wenye madonge. Kadiri ninavyosema ndivyo ninavyojisikia mwendawazimu. Hakunicheka, Mungu ambariki. Alikaa kwenye ngazi, akanishika kiwiko, akasema, "Anza tena, pole pole." Nikaanza tena. Sijui alielewa kiasi gani. Alimpeleka kwa daktari hospitalini Flemingsberg, daktari akasema ndiyo, huenda ni ugonjwa wa kusahau, ulianza lini hawezi kusema.

Huenda! Hilo ndilo neno linalonila. Kwa sababu nafsi yangu nyingine inaniambia: we Mwanahawa, labda mama wa watu alikupenda tu. Labda maisha yake yote hakuwahi kumpikia mtu, akaona uzee umefika, ajaribu mara moja, na wewe shukrani yake ukaiita ugonjwa. Nimemuuliza Mama Espérance. Akasema, "Vitabu viliwaka, dada. Ile haidanganye." Kweli. Ila aproni alikuwa ameifunga vizuri sana nyuma, fundo zuri.

Akahamia nyumba ya wazee kwenye njia ya treni ya Södertälje. Siku zangu za mapumziko nilikwenda na uji ndani ya chupa ya chai. Wahudumu wa huko walimpenda. Hana kelele, hana lawama. Nikiingia naropoka, "Hata huku hawajakufukuza?" Yeye anasema, "Karibu, una roho nzuri. Jina lako nani?" Namtajia. Anashukuru. Nakaa, namnywesha, nampaka mafuta mikononi, namtukana taratibu. Hakuna kinachorudi. Mara nyingi nilitoka nikilia hadi stesheni, nawaambia ukweli.

Mara ya mwisho nilikuwa nimeshavaa koti. Mhudumu kijana aliingia kuchukua vyombo, na Bi Adele akamvuta mkono, akamnong'oneza kwa Kiingereza, akidhani sisikii: "Huyu mama huja hapa kunitukana. Tafadhali msimkataze."

Nilisimama pale mlangoni koti nusu mkono. Jina langu hakulijua. Na hiyo nayo sijui niiweke wapi.

Alipofariki, mazishi yakawa katika kanisa dogo la makaburini. Jonna alikuwapo, jirani wa mapazia, Zuhra na mimi, na waungwana wachache wenye makoti meusi. Mchungaji akasema marehemu alikuwa mtu mpole na mwenye shukrani. Nikasikia Zuhra ananibana mkono: "Mamma, sluta," yaani niache, maana alishaniona nakunja uso. Kwa desturi yao kila mtu huenda mbele, anaweka ua juu ya jeneza, anainamisha kichwa, anarudi kimya.

Nikaenda na ua langu. Sikujiandaa. Nikarekebisha miwani ambayo sina, kama alivyokuwa akirekebisha yake, nikakohoa kile kikohozi chake kikavu, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma:

"Maisha haya yana mwanzo mzuri. Katikati yanachekesha. Mwisho una adabu mno, nadhani mwandishi alikuwa ameshatoka."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Ningepaswa kuweka ua na kurudi kukaa, lakini mtani ukishamrushia jiwe hugeuki mpaka arudishe. Basi nikabaki nimesimama pale mbele ya watu wote, namngoja anijibu.